Wapenzi wa Visu Wamlaumu Nani?

Malalamiko yamezidi, na imefika wakati yajibiwe. Kila panapofanywa maonyesho ya kuuza kazi za mikono katika mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, iwe ni katika ukumbi wa mtaa au uwanja wa shule, wapenzi wa visu hutoka wamenuna. Maneno ni yale yale: visu vilikuwa vichache, vilivyo vizuri viliondoka kabla ya saa nne ya asubuhi, na vilivyobakia mezani hata mama wa kukata sukuma wiki angevikataa. Kisha lawama yote humwangukia mhunzi. Ati ni mvivu. Ati ana maringo. Ati avificha vizuri nyumbani ili bei ipande.

Mimi nami ni mpenzi wa visu, na nimepata kurudi nyumbani mikono mitupu kama wenzangu. Lakini lawama hii naiona imepotea njia. Mhunzi hana kosa. Uhaba huu mzizi wake u katika namna visu vinavyonunuliwa, na dawa yake, ndugu msomaji, haiko mbali. Imo katika mafunzo tuliyosomeshwa vyuoni tukiwa wadogo.

NANI HAWA WAPENZI WA VISU?

Huenda msomaji wa Lamu au Malindi akauliza: mtu mwenye akili zake atakusanya visu kwa nini, tena Eastlands, mahali ambapo kutajwa kisu usiku humfanya mtu aangalie nyuma? Swali ni la haki. Lakini sisi watu wa pwani hatufai kuwa wa kwanza kushangaa. Bwana harusi wetu akivaa joho na kilemba, kiunoni hakosi kutiwa jambia, na hakuna anayemdhania kuwa aenda kupigana. Jambia ni pambo, ni heshima, na ni urithi wa mtoto kutoka kwa babake. Jamaa zetu wa Omani wamelitia katika bendera yao tangu mwaka 1970, na mwaka 2022 shirika la UNESCO liliuandika ufundi wa kulitengeneza, pamoja na mila zinazofungamana nalo, katika orodha ya urithi wa binadamu. Kwa hivyo kumpenda kisu si wazimu, wala si ujambazi.

Eastlands nayo ina sababu zake. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Waislamu walikuwa miongoni mwa waliojenga nyumba za Majengo, na wengine walihamishiwa Shauri Moyo kijiji chao cha Pangani kilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Mitaa hii ikawa ni kapu la watu wa kila kabila. Kila aliyekuja alikuja na chuma chake. Mmaasai alikuja na sime yenye ala ya ngozi nyekundu. Mturkana alikuja na kile kisu cha ajabu cha duara kinachovaliwa mkononi kama bangili, makali yake yamefunikwa kwa ukanda wa ngozi mpaka siku ya haja. Msomali, Mkamba, Mswahili, kila mmoja ana chake. Mtu aliyekulia hapa ameviona vyote kabla hajabaleghe, na akipata mshahara na sebule yake Buruburu, si ajabu akitaka kuvikusanya.

Tena kukusanya ni kazi yenye mfano mwema nchini. Marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya kazi za mikono za Afrika kwa mapenzi makubwa, na mwaka 1972 yeye na Alan Donovan wakaanzisha African Heritage hapa Nairobi. Murumbi aliaga dunia mwaka 1990, lakini leo mtoto wa shule aweza kuingia katika jumba la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, katikati ya mji, akaona alichokihifadhi mzee yule. Mkusanyaji mwema huwa ni mlinzi wa amana.

KISU HUZALIWAJE?

Sasa na tuingie penyewe. Mpenzi wa visu aonaye meza ina visu saba hudhani kwamba saba ni kidogo. Hudhani hivyo kwa sababu hajapata kukaa Kamukunji kutwa moja.

Kamukunji, jirani na Gikomba na Shauri Moyo, ndiko kwenye kitovu cha mafundi wa jua kali. Jina hilo walilipata kwa kufanya kazi juani bila ya paa, na mabanda yalianza kujengwa katika miaka ya 1980. Ukifika huko masikio yataziba kwa nyundo. Lakini angalia kinachofuliwa: majiko, sufuria, makarai, masanduku ya wanafunzi wa bweni, matoroli. Hizo ndizo bidhaa ziendazo kila siku. Anayefua kisu kizuri cha mkono ni mmoja mmoja, tena hukifua baada ya kumaliza kazi ya kumlisha.

Kisu hicho huanza kwa springi kuukuu ya lori. Fundi huikata, huitia motoni mpaka iwe nyekundu, huiweka juu ya fuawe na kuikanda kwa nyundo. Ikipoa huirudisha motoni, na tena, na tena, mpaka ubapa na ncha vianze kuonekana. Kisha huja tupa, na hiyo kazi ya tupa ndiyo ilayo mikono. Umbo likishatimia, kisu hurudishwa motoni mara nyingine, na fundi hujaribu kwa sumaku: sumaku ikikataa kushika, chuma kimeiva. Hapo hukichovya katika mafuta kwa ghafla. Sasa kisu ni kigumu, lakini ni kigumu kama kioo. Kikianguka sakafuni chaweza kuvunjika vipande viwili. Basi hutiwa tena katika moto mdogo, polepole, mpaka rangi ya majani makavu ipite juu ya chuma. Akizidisha kidogo, makali yamekufa. Akipunguza, kisu kitavunjika mikononi mwa mwenyewe. Katika hatua hii ndipo visu vingi huharibika, na mnunuzi wala hajui, kwani vilivyoharibika haviletwi mezani.

Bado mpini haujachongwa. Bado ala. Mpini utaka mti mgumu uliokauka sawasawa, na Gikomba ina wachongaji hodari wa Kikamba. Ala yataka ngozi, na mafundi wa ngozi wako Kariokor. Kila mmoja ana bei yake na ana foleni yake.

Nilipata kumwuliza kijana mmoja wa kazi hiyo, katika maonyesho fulani, "Mwanangu, mbona umeleta visu saba tu, na watu ni wengi hivi?" Akanijibu kwa adabu, "Mzee wangu, hivyo saba vimenichukua wiki mbili, na katika wiki hizo mbili sikutengeneza jiko hata moja. Nyumbani hawali visu."

Msomaji, jibu hilo latosha peke yake. Fundi hana mtaji wa kukaa miezi mitatu akifua visu sitini kwa kutumainia kwamba siku ya maonyesho watu watakuja na fedha. Mvua ikinyesha siku hiyo, watoto watakula nini? Na hata akipata mtaji, aweke mali wapi? Moto wa Gikomba twaujua sote. Ule wa Juni 2018 uliua watu 15, mbali na mali isiyohesabika. Fundi wa upande ule aliyerundika mali nyingi bandani ni mtu anayelala jicho moja li wazi.

Kuna na suala la chuma chenyewe. Mwezi wa Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma kuukuu nchini kwa sababu ya watu waliokuwa wakiharibu nguzo na nyaya za umeme ili wauze chuma. Amri ile iliondolewa mwezi wa Mei mwaka huo huo, pamoja na masharti mapya. Sababu ya serikali ilikuwa ya maana, lakini kwa fundi wa jua kali, ambaye chuma kuukuu ndicho unga wake wa ugali, miezi ile ilikuwa mirefu. Tangu hapo wengi wamejifunza kununua kidogo kidogo na kutengeneza kidogo kidogo.

KUUPOKEA MSAFARA NJIANI

Hata hivyo, visu saba vingewafaa watu saba. Mbona basi huondoka vyote kwa mtu mmoja au wawili? Hapa ndipo penye kidonda.

Wako walanguzi, tena wengine hujiita wakusanyaji, ambao hawangoji mlango ufunguliwe. Alfajiri hukutana na fundi akishuka kwenye matatu na furushi lake. Humwambia, "Soko la leo ni baridi, watu hawana pesa, nipe vyote nikupunguzie mzigo." Kijana aliyeamka saa tisa ya usiku na hajanywa chai huona fedha ya mkononi ni bora kuliko ya kuahidiwa. Huuza. Saa tano ya asubuhi visu vile vile viko meza nyingine, bei mara mbili, na wiki ifuatayo vinatembezwa kwa picha katika simu, bei mara tatu.

Jambo hili tumelisoma zamani, wala halikuanzia Nairobi. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alikataza watu wasitoke kwenda kuupokea msafara njiani kabla haujafika sokoni. Hekima yake iko wazi: mwenye mali hajaijua bei ya soko, na anayemlaki njiani ataka kuila haki yake kabla hajaijua. Na mafunzo yenyewe yaendelea kusema kwamba mwuzaji aliyefanyiwa hivyo, akifika sokoni na kujua bei, ana hiari ya kuuvunja mkataba. Fatwa nawaachia masheikh, mimi ni mtu wa kalamu tu. Lakini sioni tofauti kubwa kati ya ngamia wa wakati ule na matatu ya leo.

Wanaosimamia maonyesho waweza kuizuia tabia hii bila ya polisi. Na iwe sharti kwamba mali ya fundi haiuzwi mpaka mlango umefunguliwa, na katika saa ya kwanza mtu mmoja asinunue zaidi ya kisu kimoja kwa fundi mmoja. Huko Marekani, ambako maonyesho ya visu ni makubwa na wakusanyaji ni wengi kushinda visu, mafundi wenye majina hupiga kura: kila mtu aandika jina lake, jina latolewa chomboni, na aliyeandikiwa ndiye anunuaye. Anayekosa huenda kwake bila ya kinyongo, kwani ameshindwa na bahati yake, hakushindwa na mbio za mwenzake. Kura yataka karatasi na kofia tu. Je, hata hilo latushinda?

DAWA IMO CHUONI

Lakini kura hugawanya kidogo kilichopo, haiongezi. Anayetaka visu viongezeke na amfuate fundi mapema, ampe kazi na ampe fedha. Wahenga wamesema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wapenzi wengi wa visu hawataki kuinama. Wataka kufika siku moja kwa mwaka, wakute meza imejaa, wachague, wakatae, waondoke. Gharama yote ya kungojea wamwachia fundi.

Chuoni tulifundishwa kwamba Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipa thamani ya tende kabla hazijavunwa, mwaka mmoja au hata miwili mbele. Hakuwakataza. Aliwawekea masharti tu: kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Hiyo ndiyo biashara ya salam. Mkulima apata fedha wakati wa haja, mnunuzi apata mali wakati wa mavuno, na ugomvi hauna mlango wa kuingilia. Masheikh wa madhehebu yetu ya Shafii hushikilia kwamba katika salam thamani yote ilipwe pale pale penye mkataba. Wenzetu wa Hanafi wameruhusu istisnaa, yaani kumwagizia fundi akutengenezee kitu, bila ya kulazimisha malipo yote yatangulie. Kila mtu na amwulize sheikh wake. Lakini milango yote miwili yafika nyumba moja: fundi asiachwe afue kwa kubahatisha.

Najua kuna atakayesema, "Nikitanguliza fedha, huyo kijana ataniona tena?" Hofu hiyo ina haki yake, kwani mafundi wenye kuahidi kesho kila siku tunawajua, wa cherehani na wa seremala pia. Lakini aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Suratul Baqara, yahusu jambo hili hili: deni la muda maalumu liandikwe, na pawe na mashahidi. Basi andika. Urefu wa kisu inchi ngapi, chuma cha nini, mpini wa mti gani, ala ina rangi gani, siku ya kuchukua ni ipi. Fundi aweke sahihi, nawe uweke, na fedha uitume kwa simu ili ushahidi ubaki. Wakusanyaji kumi wa Umoja au Buruburu wakifanya hivyo miezi mitatu kabla ya maonyesho, fundi atanunua springi, atalipa mchongaji, atalipa wa ngozi, na ataweza kuchukua kijana wa kumshikia koleo. Siku ya maonyesho visu vya watu kumi vitakuwa tayari, na juu yake fundi atakuwa na vingine vya kumwuzia mpita njia.

Wala mtu asiseme kwamba hili ndilo lile lile la kuupokea msafara. Yule alfajiri ataka mali iliyokwisha kutengenezwa, kwa bei ya kumpunja aliyechoka. Huyu amwendea fundi kazini kwake, ambako bei yake aijua, na atoa fedha ili kitu kisichokuwako kiwepo.

UHABA ULIO MWEMA

Sitaki kuficha kwamba kuna visu ambavyo ni kheri viwe haba. Majambia ya zamani yenye mipini ya pembe za kifaru bado huulizwa kwa siri. Wapenzi wa visu na wakumbuke gharama yake. Yemen ilikuwa ikinunua pembe hizo kwa wingi kwa ajili ya mipini katika miaka ya 1970, na vifaru weusi wa Kenya, waliokuwa karibu 20,000 mwaka 1970, walifika mwishoni mwa miaka ya 1980 hawatimii 400. Hayakuwa mahitaji ya Yemen peke yake yaliyowamaliza, lakini mchango wake ulikuwa mkubwa. Hamu ya mtu mmoja kutia pambo kiunoni, ikizidishwa mara elfu nyingi, yaweza kumaliza mnyama mbugani. Mpini wa mti wa Gikomba ni halali tupu na hauna damu ya mtu wala ya mnyama.

Kadhalika mkusanyaji asisahau kwamba kisu kilifuliwa kwanza kwa ajili ya kukata. Idi ya Mfungo Tatu ikikaribia, baba wa Majengo na mchinjaji wa soko la Burma wote wamtafuta fundi yule yule, kwa sababu tumeamrishwa tuchinje kwa wema, kisu kinolewe barabara na mnyama asiteswe. Wakati huo mwenye kutaka kisu cha kutundika ukutani na ampishe mwenye kutaka cha kuchinjia. Kisu cha ukutani chaweza kungoja.

Ninachokihofia mimi ni kikubwa kuliko meza tupu ya siku moja. Kamukunji haimlazimishi mtu kufua visu. Kijana akiona kwamba kila mwaka hupunjwa alfajiri na kutukanwa mchana, atarudi kwenye majiko na makarai, ambako mteja halalamiki na fedha ni ya kila siku. Hatatangaza wala hataaga. Mwaka mmoja hatakuja tu, na ujuzi wa kujua lini rangi ya majani makavu imepita juu ya chuma utakwenda naye. Hapo wakusanyaji watakuwa na visu vya kiwandani vya kutoka ng'ambo, tele, vyote sura moja, na hakuna atakayelalamikia uhaba tena.

Kurani yatufundisha kwamba chuma kililainishwa kwa ajili ya Nabii Daudi, akatengeneza kwacho mavazi ya vita. Kazi aliyoifanya Nabii si kazi ya kudharauliwa na mnunuzi mwenye haraka. Nami, kwa kuwa ni mtu wa tungo, na nimalize kwa ubeti:

Mhunzi mtu wa kazi, usimngoje mezani,
Mwendee penye makazi, kwa salamu na thamani,
Mpe haki ya ujuzi, na muda wa kiwandani,
Kisu hakiji kwa pupa, bali moto na subira.